Michezo ya video: muziki na sauti vinapobadilishwa, nani anapoteza na nani anafaidika?

Mwezi wa kumi mwaka wa 2008, siku chache kabla ya mchezo LittleBigPlanet kuanza kuuzwa, kampuni Sony iliamuru diski zote zirudishwe kutoka madukani, dunia nzima. Diski hizo hazikuwa na kasoro na mchezo ulikuwa unatembea vizuri. Shida ilikuwa wimbo mmoja tu: "Tapha Niang", wa Toumani Diabaté, mpiga kora mashuhuri wa inchi ya Mali.

Ndani ya wimbo huo mlikuwa maneno mawili yaliyotoka katika Kurani, yote mawili juu ya kifo na mwisho wa kila kiumbe. Mchezaji mmoja Mwislamu aliyasikia, akaandika kwa heshima kuomba yaondolewe, kwani Waislamu wengi hawapendi maneno matakatifu yachanganywe na muziki, na zaidi tena katika mchezo wa kujifurahisha. Studio Media Molecule ya Guildford, huko Uingereza, iliyotengeneza mchezo huo, ilisema kwamba katika muda wa saa 12 ilikuwa tayari na marekebisho ya kupitia intaneti. Lakini marekebisho ya namna hiyo yanafika tu kwenye konsoli iliyounganishwa. Konsoli isiyo na intaneti ingeendelea kucheza wimbo ule ule ulio kwenye diski. Sony ikaamua kurudisha kila kitu, na mchezo ukachelewa kutoka. Ulipotoka, wimbo ulikuwa bado mle ndani, ila ala peke yake, bila mwimbaji.

Toumani Diabaté, ambaye mwenyewe alikuwa Mwislamu, alishangaa. Yeye alizaliwa katika ukoo wa wale waimbaji na watunza historia ambao Wafaransa wanawaita griot. Alieleza kwamba huko Mali ni jambo la kawaida kabisa kuimba maneno ya dini ili kuwavuta watu kwenye imani. Huko Marekani pia, baadhi ya Waislamu walipinga uamuzi wa Sony, wakisema kwamba hakuna mtu aliyepaswa kumnyamazisha msanii. Kwa hiyo ndani ya dini moja, wengine waliona kwamba imani imeheshimiwa, na wengine waliona kwamba sauti ya Mwafrika imekatwa. Diabaté alifariki mjini Bamako mwezi wa saba mwaka wa 2024, akiwa na umri wa miaka 58.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1998, Nintendo ilitoa mchezo The Legend of Zelda: Ocarina of Time. Katika kaseti za kwanza, muziki wa Hekalu la Moto ulikuwa na sauti za watu wanaosoma dua za Kiislamu, zilizochukuliwa kutoka mkusanyo wa sauti unaouzwa kwa wanamuziki. Katika kaseti zilizofuata, sauti hizo ziliondolewa na mahali pake pakawekwa kwaya iliyotengenezwa na mashine. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kusema kwamba wamecheza mchezo mmoja, kumbe hawakusikia kitu kimoja.

Mkataba unapokwisha

Mara nyingi, hata hivyo, kinachobadilisha muziki wa mchezo si dini bali makaratasi. Kampuni inayotaka kuweka wimbo wa msanii ndani ya mchezo hainunui wimbo wenyewe, inanunua ruhusa ya kuutumia. Ruhusa hiyo inaweza kuwa na mwisho, sawa na nyumba ya kupanga. Siku ikifika, ama kampuni inalipa tena, ama inatoa vyombo nje.

Mfano unaojulikana zaidi ni Grand Theft Auto IV, iliyotoka mwezi wa ine mwaka wa 2008. Katika mchezo huo, mtu akiingia ndani ya gari anaweza kufungua redio na kuchagua kituo. Kuna kituo cha muziki wa Afrika na funk ambacho mtangazaji wake ni Femi Kuti, mtoto wa Fela. Kuna kingine, Vladivostok FM, cha nyimbo za Kirusi. Kisha miaka kumi ikapita. Mwezi wa ine mwaka wa 2018, Rockstar Games ilitoa marekebisho yaliyoondoa nyimbo nyingi kwa sababu ruhusa zilikuwa zimekwisha. Vladivostok FM ndiyo iliyoguswa zaidi, na kampuni ikaweka nyimbo nyingine mahali pa zile zilizoondoka.

Wachezaji wengi walikasirika. Walikuwa wamelipa mchezo wakiwa na nyimbo fulani. Asubuhi moja wakaamka, nyimbo hazipo. Ni kama mtu aliyenunua redio sokoni, kisha muuzaji akaingia nyumbani kwake usiku na kubadilisha kaseti. Lakini kwa upande wa wanamuziki jambo linaonekana namna nyingine: mwenye wimbo ana haki ya kulipwa kazi yake inapoendelea kuuzwa. Baada ya marekebisho hayo, baadhi ya wachezaji wenye kompyuta walitengeneza faili za kurudisha nyimbo za zamani, bila kumwomba mtu ruhusa.

Wakati fulani mchezo mzima unatoweka kwa ajili ya muziki. Alan Wake, mchezo wa studio Remedy ya Finlandi uliotoka mwaka wa 2010, uliondolewa sokoni mwezi wa tano mwaka wa 2017 kwa sababu ruhusa za nyimbo zake zilikuwa zimekwisha. Ulirudi mwezi wa kumi mwaka wa 2018, kiisha ruhusa hizo kupatikana upya. Mchezo Crazy Taxi wa kampuni Sega, ambao wengi waliujua kwa nyimbo za kikundi The Offspring na Bad Religion, ulitolewa tena mwaka wa 2010 bila nyimbo hizo. Gari ni lile lile, barabara ni zile zile, lakini waliozoea mchezo wa kwanza walisikia mara moja kwamba kuna kitu kinapungua.

Wachezaji walianza zamani

Kampuni si zenyewe tu zinazobadilisha sauti. Mwaka wa 1981 kulitoka mchezo Castle Wolfenstein, ambamo askari wa Hitler wanapiga kelele kwa Kijerumani. Miaka miwili kisha, vijana wa Marekani waliufungua na kuwaweka Schtroumpfs, wale watu wadogo wa buluu wa mchoraji Mbelgiji Peyo ambao hata huku kwetu watu wamewaona katika vitabu na televisheni, mahali pa askari. Sauti za Kijerumani nazo wakazibadilisha kuwa kelele za Schtroumpfs, zisizoeleweka. Ni moja kati ya marekebisho ya kwanza kabisa yanayojulikana katika historia ya michezo ya video.

Mlango ulifunguka kabisa tarehe 10 mwezi wa 12 mwaka wa 1993, siku mchezo Doom ulipotoka. Mtaalamu wake, John Carmack, alikuwa ameona wachezaji wakihangaika kubadilisha mchezo wake wa mbele, Wolfenstein 3D, wakifuta faili za asili. Safari hii aliamua kutenganisha vitu: programu upande wake, na picha, ramani, muziki na sauti katika faili moja kubwa inayoitwa WAD. Ndani ya faili hiyo kila kitu kina jina lake. Majina ya miziki yanaanza na D_, na majina ya milio yanaanza na DS. Kwa mfano, mlio wa bastola ni DSPISTOL. Mchezaji akitengeneza WAD yake ndogo yenye sauti mpya yenye jina hilo hilo, mchezo unaichukua ya kwake na kuacha ya asili. Faili ya kwanza haiguswi. Akiondoa ile ndogo, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa.

Hata wenye Doom wenyewe walikutana na swali la nani mwenye sauti. Mwishoni mwa mwaka wa 1997 walipotaka kuwapa watu wote maandishi ya programu yao bure, walijikuta kwamba sehemu inayochezesha sauti katika kompyuta za DOS ilikuwa mali ya mtu mwingine. Ikabidi watoe maandishi ya toleo la Linux, ambalo halikuitumia. Leo kuna kazi ya kujitolea inayoitwa Freedoom: watu wa inchi mbalimbali wametengeneza upya picha, miziki na milio yote, ili mtu aweze kucheza bila kununua na bila kuiba.

Namna kazi inavyofanyika

Kwa yule anayetaka kujaribu, jambo la kwanza ni kujua kama mchezo wake unakubali. Michezo mingine imeacha mlango wazi kwa makusudi. Katika Grand Theft Auto: San Andreas ya kompyuta, kuna folda inayoitwa User Tracks. Mtu anaweka humo nyimbo zake, na mchezo unazitia katika kituo cha redio cha pekee. Hakuna kitu kinachovunjwa. Konsoli Xbox ya kwanza, ya mwaka wa 2001, nayo iliweza kunakili CD za muziki, kisha baadhi ya michezo ikazicheza mahali pa miziki yake.

Minecraft inaenda mbali zaidi. Mchezaji wa kompyuta anatengeneza pakiti, yaani folda ambayo ndani yake mna folda nyingine zenye majina yale yale ya mchezo. Sauti zinawekwa katika muundo wa Ogg. Jina la faili likiwa sawa kabisa na la asili, sauti mpya inachukua nafasi. Likikosewa hata herufi moja, mchezo unaendelea kucheza ile ya zamani na mtu anabaki kujiuliza kosa liko wapi. Kwenye simu pia Minecraft inakubali pakiti, ijapokuwa mpangilio wake wa folda ni tofauti.

Kisha kuna mambo manne ambayo waliozoea kazi hii wanayaangalia kila mara.

La kwanza ni nakala. Kabla ya kugusa faili yoyote, inanakiliwa na kuwekwa mahali pengine. Umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo ambalo hatuhitaji kumfundisha mtu wa Bukavu au wa Kindu, nakala ndiyo inayookoa mchezo.

La pili ni muundo. Doom ya kwanza ilitumia sauti nyepesi sana: biti 8, vipimo 11.025 kwa sekunde, upande mmoja. Mtu akileta wimbo wa kawaida wa simu bila kuubadilisha, mchezo hautauelewa. Programu Audacity, inayopatikana bure, inafanya kazi ya kukata, kupunguza na kubadilisha muundo. Katika Minecraft kuna siri nyingine: sauti ya upande mmoja inasikika ikitoka mahali fulani, kushoto au kulia, karibu au mbali. Sauti ya pande mbili inasikika kila mahali sawa. Anayeweka sauti ya ng'ombe ya pande mbili atasikia ng'ombe ndani ya kichwa chake, si katika majani.

La tatu ni nguvu na urefu. Mlio mpya usipite ule wa zamani kwa nguvu, la sivyo utafunika vyote vingine na kuumiza masikio. Muziki wa mchezo kwa kawaida unazunguka, ukifika mwisho unaanza tena. Kwa hiyo mwisho wake lazima uungane na mwanzo bila kukatika. Na mlio wa hatua ukidumu sekunde mbili, mchezaji atakuwa amesimama huku viatu vyake vikiendelea kutembea.

La ine ni habari iliyo ndani ya sauti. Mlio si pambo tu. Unamwambia mchezaji kwamba adui anakuja nyuma, kwamba risasi zimekwisha, kwamba mlango umefunguka. Anayeuondoa bila kuweka kingine kinachoeleweka anamfanya mchezaji kiziwi. Kwa sababu hiyo hiyo, michezo ya kushindana kupitia intaneti mara nyingi inakataza kugusa faili za sauti: anayeongeza mlio wa hatua za adui anapata faida isiyo ya haki, na anaweza kufukuzwa katika mchezo.

Watoto waliosikia bunduki ya kweli

Kwa wakaaji wa mashariki mwa Kongo, jambo hili lina upande mwingine. Watoto wengi wa Goma, wa Bukavu, wa Beni na wa Bunia wanajua mlio wa bunduki na wa bomu si kwa kuusikia katika televisheni. Mapigano ya mwezi wa kwanza na wa pili mwaka wa 2025 yaliingia hadi ndani ya Goma na Bukavu. Inajulikana vizuri kwamba kwa mtu aliyepita katika vita, mlio mmoja unatosha kurudisha hofu yote, hata akiwa ameketi salama. Na michezo inayopendwa sana na vijana ni ile ambayo milio yake imetengenezwa kwa ufundi mkubwa ili ifanane na ya kweli.

Hapo, kubadilisha sauti si mchezo wa wajuzi tena. Historia imeonyesha kwamba inawezekana. Mwaka wa 1996, huko Marekani, maboksi ya chakula cha asubuhi cha Chex yaliuzwa na CD ya mchezo ndani yake. Mchezo huo, Chex Quest, ulikuwa Doom yenyewe iliyobadilishwa kwa ajili ya watoto. Mashetani waliondolewa na kuwekwa viumbe vya kijani vyenye utelezi. Silaha haikuua tena, ilivirudisha viumbe hivyo kwao. Milio ya bunduki na vilio vya wanaokufa vilibadilishwa kuwa sauti za kuchekesha. Mchezo wa ndani, yaani mbio, milango, funguo na kutafuta njia, ulibaki ule ule.

Mzazi hahitaji kuwa mtaalamu ili kuanza. Michezo mingi ina, katika mipangilio yake, vipimo vitatu vilivyotengana: kimoja cha muziki, kimoja cha milio, kimoja cha maneno. Kushusha kile cha milio na kuacha muziki ni kazi ya dakika moja. Katika nyumba ambamo mdogo analala chumba kimoja na kaka anayecheza, vifaa vya masikioni vinasaidia pia. Na mwenye chumba cha konsoli cha kulipisha katika mtaa, mahali ambapo sauti inatoka hadi barabarani, anaweza kukumbuka kwamba mama anayepita na mzigo hajui kama ule mlio unatoka katika televisheni au katika kona ya barabara.

Na wanamuziki wetu?

Mlango ule ule unaweza kuingiza kitu cha kwetu. Mwaka wa 2005, mtungaji wa muziki Mmarekani Christopher Tin aliandika wimbo wa kufungua mchezo Civilization IV. Aliuita "Baba Yetu", na maneno yake ni ile sala ya Bwana kwa Kiswahili. Watu wa inchi zote, ambao hawakuwahi kusikia neno moja la lugha yetu, waliuzoea kila walipofungua kompyuta. Mwezi wa pili mwaka wa 2011, wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa video kupata tuzo hiyo.

Kijana wa Lubumbashi au wa Uvira anayeweza kurekodi ngoma, likembe, soko la asubuhi au mvua juu ya mabati ana malighafi ya kutengeneza pakiti ya sauti ambayo hakuna studio ya Ulaya inayo. Lakini aanze na vitu vyake mwenyewe, au vya mtu aliyempa ruhusa. Kuweka wimbo wa nyota wa Kinshasa katika mchezo na kuusikiliza nyumbani ni jambo moja. Kusambaza pakiti hiyo kwa watu wengine au kuiuza ni jambo lingine. Katika inchi yetu, haki za watungaji zinalindwa na sheria ya tarehe 5 mwezi wa ine mwaka wa 1986, na shirika SOCODA ndilo lenye kazi ya kukusanya na kugawa malipo yao.

Asiyekuwa na kifaa cha kurekodi anaweza kutafuta katika Freesound, hazina iliyoanzishwa mwaka wa 2005 na chuo kikuu Pompeu Fabra cha Barcelona. Kila sauti humo ina ruhusa iliyoandikwa wazi: nyingine ni huru kabisa, nyingine zinadai jina la mwenyewe litajwe, nyingine hazikubali kuuzwa. Kusoma mstari huo mmoja kabla ya kupakua kunamkinga mtu na matatizo ya kesho.

Tukumbushe kwamba ndani ya mchezo, sauti ya mwimbaji iliondolewa katika "Tapha Niang" ya Toumani Diabaté. Katika albamu yake Boulevard de l'Indépendance, ya mwaka wa 2006, wimbo huo ungali mzima, pamoja na maneno yake yote.